Je, wajua? Kwa nini kampuni ya sigara huko India inawalisha wanafunzi wa muziki

Tollygunge, kusini mwa jiji la Kolkata, kuna mahali ambapo waimbaji wakongwe wamepewa nyumba za kuishi, na vijana wanaojifunza kwao wamepewa malazi na posho. Ada hawalipi. Wajibu wao ni kuamka, kuketi mbele ya mwalimu na kuimba, leo, kesho na mwaka ujao. Mahali hapo panaitwa ITC Sangeet Research Academy, na herufi hizo tatu za mwanzo asili yake ni Imperial Tobacco Company, kampuni iliyoanzishwa Kolkata mwaka 1910. Siku hizi ITC inauza pia unga, biskuti na karatasi, lakini sigara bado ndizo zinazoiletea sehemu kubwa ya faida. Tumbaku na koo la mwimbaji, vitu ambavyo daktari yeyote angevitenganisha, imekuwaje vikakaa nyumba moja?

Tuanze na muziki wenyewe, maana gharama yote inatoka huko. Muziki wa klasiki wa Kihindi haufundishiki kwa karatasi. Raga si wimbo uliokwisha kutungwa. Ni mpangilio wa sauti wenye masharti yake: ipi ipewe uzito, ipi iguswe tu na kuachwa, ipi ipandiwe kwa kuzunguka. Ndani ya masharti hayo msanii anatunga papo hapo jukwaani, pengine kwa saa nzima. Mambo hayo huingia kwa sikio. Guru anaimba, mwanafunzi anarudia, guru anakataa, mwanafunzi anarudia tena. Miaka kumi inaweza kupita hivyo, na kijana bado hajapata hata senti moja ya kazi yake.

Zamani aliishi nyumbani kwa guru, akala hapo na kufanya kazi za hapo. Mwaka 1938 Ravi Shankar, kijana wa miaka 18 aliyekuwa amezunguka Ulaya na kikundi cha dansi cha kaka yake, aliacha raha zote hizo akaenda mji mdogo wa Maihar kujifunza sitar, ala ya nyuzi, kwa Allauddin Khan. Alikaa karibu miaka saba. Gharama ilibebwa na nani? Allauddin Khan alikuwa mwanamuziki wa maharaja wa Maihar. Maharaja alimlisha guru, na guru akaweza kufungua mlango wake.

Kisha wafalme wakaondoka. India ilipopata uhuru mwaka 1947 falme ndogo zilizokuwa ndani yake zilikuwa zaidi ya 560, na zote ziliingizwa katika taifa jipya au Pakistan. Wafalme waliendelea kulipwa posho na serikali mpaka zilipofutwa mwaka 1971. Ukitaka kuona mabadiliko hayo katika maisha ya mtu mmoja, mtazame mwimbaji Nissar Hussain Khan. Ujanani aliimba katika kasri ya mfalme wa Baroda. Baadaye sauti yake ikasikika mara kwa mara katika redio ya taifa. Uzeeni akahamia Kolkata, kwa kampuni ya sigara. Kasri, redio, kampuni: walezi watatu, mtu mmoja.

Redio inastahili maneno machache. All India Radio iliajiri wanamuziki (Ravi Shankar mwenyewe alifanya kazi huko Delhi kuanzia 1949 hadi 1956) na ikaweka usaili wenye madaraja: B, B ya juu, A, na daraja la juu kabisa. Hadi leo waandaaji wa matamasha huuliza kijana ana daraja gani. Lakini redio ilikuwa na ukali wake. Kuanzia 1940 hadi 1971 ilipiga marufuku harmoniamu, kinanda kile kile cha kuvukutwa kwa mkono ambacho wapenzi wa taarab ya Mombasa wanakijua vizuri, kwa hoja kwamba hakiwezi kuteleza kutoka sauti hadi sauti kama koo la Mhindi linavyotaka. Waliokipiga wakakosa mkate wa redio kwa miongo mitatu. Na redio, hata pale ilipolipa vizuri, ilimlipa anayejua. Anayejifunza ilimwacha alivyo.

Pengo hilo ndilo ITC iliingia kuliziba. Mwaka 1971 ilianzisha tamasha la muziki Delhi, na mwaka 1977 ikaanzisha chuo chake. Kukiendesha alipewa Vijay Kichlu, mwimbaji aliyekwisha kufanya kazi katika kampuni ya chai, kwa hiyo alizijua lugha zote mbili, ya mabosi na ya wasanii. Nia ya kampuni? Sidhani ni fumbo. Anayeuza sigara anahitaji jina jema kuliko muuza maziwa, na kwa Wabengali wasomi wa Kolkata muziki huu ni heshima ya mji. Hesabu ya kibiashara, lakini imezaa matunda ambayo wizara nyingi za utamaduni zingeyaonea wivu.

Nissar Hussain Khan alipohamia hapo mwaka 1980 alikuja na mtoto wa ukoo wake aitwaye Rashid. Mafunzo yalianza saa kumi alfajiri, na sauti moja tu ya ngazi iliweza kurudiwa kwa saa nyingi. Mtoto huyo akawa Ustad Rashid Khan, mmoja wa waimbaji wakubwa wa kizazi chake hadi alipofariki Januari 2024 akiwa na miaka 55. Ajoy Chakrabarty alipita hapo kama mwanafunzi, akarudi kuwa guru.

Ila hapa nina neno. Kumlisha mwanafunzi ndiyo sehemu rahisi. Ugumu uko kwenye daraja la kutoka darasani hadi jukwaa linalolipa. Wizara ya Utamaduni ya India ina ufadhili kwa vijana wa miaka 18 hadi 25, rupia 5,000 kwa mwezi kwa miaka miwili. Halafu kuna tuzo ya vijana iliyopewa jina la mwanamuziki Bismillah Khan, iliyoanzishwa 2006 na Sangeet Natak Akademi, taasisi ya taifa ya sanaa za jukwaani. Masharti yake? Uwe hujafika miaka 40. Yaani kwa mizani ya fani hii, mtu wa miaka 38 bado ni kijana, na kuanzia 25 hadi huko ajitafutie.

Wengi huvuka kwa mgongo wa guru. Kwenye tamasha utaona vijana wameketi nyuma ya mwimbaji mkuu, wakipiga tanpura, ala ya nyuzi inayoshikilia sauti ya msingi. Mara guru anatulia, anamwachia mmoja wao aimbe kidogo. Sekunde thelathini hizo ndizo tangazo lake, maana waandaaji wako ukumbini. Chennai, jiji la kusini mwa India, kuna ngazi iliyo wazi zaidi. Katika msimu wa muziki wa Desemba na Januari, kumbi huwapa chipukizi nafasi za mchana, mara nyingi bila kiingilio, wakati nusu ya wasikilizaji wako kantini. Anayesifiwa husogezwa alasiri, na baada ya miaka mingi, jioni, penye tiketi na magazeti.

Mfumo unaomtegemea mtu mmoja hivyo una hatari zake. Mwaka 2018, wanawake walipotoa hadharani tuhuma za udhalilishaji, Music Academy ya Chennai, moja ya kumbi za msimu huo, iliwaondoa wanamuziki saba katika ratiba ya msimu. Waliozungumza walieleza jambo ambalo kila mtu alilijua: ukimkosea guru umefunga mlango wa darasa, wa jukwaa na wa marafiki zake wote kwa siku moja.

Ndiyo maana chipukizi wengi wa leo wana mfadhili mwingine kabisa, naye ni mzazi wa Kihindi aishiye New Jersey au London. Usiku wa India mwanamuziki wa miaka 26 anafungua kompyuta na kumfundisha mtoto ambaye kwake ni asubuhi au mchana. Huko ughaibuni kuna majukwaa pia: tamasha la Thyagaraja la Cleveland, Marekani, limekuwapo tangu 1978. Serikali ya India nayo hupeleka walimu katika vituo vyake vya utamaduni nje ya nchi, kikiwemo cha Dar es Salaam. Malipo ya kufundisha huko ng'ambo, kwa mtandao au ana kwa ana, ndiyo yanayomwezesha mpiga tabla, ngoma za Kihindi, kurudi Chennai au Kolkata na kupiga bure saa sita mchana.