Je, wajua? Kidonge cha kupevusha mayai huanzia kazi kichwani

Ukiingia duka la dawa Mtwara mjini, Masasi au Lindi ukauliza dawa ya kupevusha mayai, jina utakalolisikia kwanza ni klomifeni, ambayo wengi huiita Clomid kwa jina lake la kibiashara. Ni kidonge kidogo cha miligramu 50, na dozi ya kuanzia ni kimoja kwa siku, siku tano mfululizo. Wanawake wengi wanaokimeza huamini kuwa ndani yake mna homoni inayokwenda kulikuza yai. Haimo. Klomifeni yenyewe si homoni, na huko kwenye ubongo kazi yake ni kuizuia homoni ya kike isisikike. Inakuwaje basi dawa ya namna hiyo ndiyo imsaidie mwanamke kushika mimba?

Jibu liko kwenye mawasiliano kati ya kichwa na ovari. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo iitwayo pituitari, inayotoa homoni mbili: FSH, inayokuza vifuko vya mayai, na LH, inayolitoa yai likishapevuka. Kifuko kinapokua hutoa estrojeni, ile homoni ya kike. Ubongo huipima hiyo estrojeni kwenye damu, na ukiona ipo ya kutosha unapunguza FSH. Fikiria mtu anayejaza tangi la maji kwa pampu huku akiangalia kipimo cha nje: maji yakipanda, anazima. Klomifeni hukifunika kile kipimo. Inakaa kwenye vipokezi vya estrojeni vya ubongo, ubongo unadhani estrojeni imekwisha, na pituitari inaongeza FSH. Kifuko kilichokuwa kimedumaa kinapata nguvu ya kukua. Dawa ikisimama, kifuko kinaendelea kupevuka, LH inapanda kwa kishindo, na yai linatoka, kwa kawaida siku 5 hadi 10 baada ya kidonge cha mwisho.

Dawa hii si ngeni. Daktari Robert Greenblatt wa Marekani aliripoti mwaka 1961 kuwa imepevusha mayai ya wanawake waliokuwa hawapevushi, na mwaka 1967 ikaruhusiwa rasmi nchini humo. Miongo yote hiyo imeonyesha jambo moja: kati ya wanawake 10 wanaoitumia kwa tatizo la kutopevusha, 8 hivi hupevusha, lakini wanaoshika mimba ni karibu nusu ya hao. Yai kutoka ni hatua moja tu.

Hapa ndipo roho inaponiuma, kwa sababu wapo dada zetu wanaonunua vidonge kwa ushauri wa shoga, wakameza mwezi huu na ujao, na tatizo lao wala si yai. Mirija ya uzazi ikiwa imeziba kwa makovu ya kisonono, klamidia au kifua kikuu cha via vya uzazi, yai litapevuka vizuri na halitakutana na mbegu. Ovari ikiwa imeishiwa mayai, ubongo tayari unatoa FSH nyingi, kwa hiyo kuudanganya hakuongezi kitu. Mwenye tezi ya shingo iliyovurugika, au anayetokwa na maziwa ilhali hanyonyeshi, anatakiwa kutibiwa hilo kwanza. Na aliyekonda mno hadi hedhi ikakata, mara nyingi kichwa chake kimeacha kabisa kutuma ishara, basi kidonge kinakosa cha kuchochea.

Halafu yupo baba. Katika karibu nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, upande wa mwanamume unachangia. Kwetu Kusini, Wamakonde, Wamwera na Wayao huhesabu ukoo kwa mama, na kaka zake mwanamke wanasubiri wapwa, kwa hiyo macho yote yanamgeukia yeye. Atapelekwa kwa mganga, atakunywa mizizi, atanunuliwa vidonge, na mume hajapimwa hata mara moja. Kipimo cha mbegu za kiume hakina kisu wala sindano: anatoa manii kwenye kikopo, maabara inahesabu. Kifanyike kabla mama hajameza kidonge cha kwanza. Kwa kuanzia, hospitali ya rufaa ya mkoa ipo, Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi, na waende wote wawili. Aliye chini ya miaka 35 aende baada ya mwaka mmoja wa kujaribu bila mimba. Aliyefika 35, baada ya miezi sita.

Kuhesabu siku nako huharibu mambo. Muuguzi akikuambia uanze siku ya pili au ya tatu ya hedhi, mwulize hivi: "Dada, yale matone ya jana niyahesabu?" Atakujibu hapana. Siku ya kwanza ni ile damu inapotoka hasa.

Wenye vifuko vingi vidogo kwenye ovari, ambao hedhi yao huja baada ya miezi miwili au mitatu, siku hizi madaktari huwapa kwanza letrozoli, dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya saratani ya matiti. Hii haifuniki kipimo. Inapunguza maji yenyewe, maana huzuia mwili kutengeneza estrojeni. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014, kwa wanawake 750, ulionyesha waliojifungua mtoto hai ni asilimia 27.5 kwa letrozoli na 19.1 kwa klomifeni. Sababu mojawapo inayotajwa ni kuwa klomifeni hukaa mwilini kwa wiki kadhaa na inaweza kuufanya ukuta wa kizazi uwe mwembamba, wakati letrozoli hutoka mapema.

Joto la ghafla usoni na kichwa kuuma ni kawaida kwa klomifeni. Kuona ukungu au vimulimuli si kawaida: acha dawa siku hiyo hiyo, mwone daktari. Tumbo likivimba na kuuma sana, au pumzi ikibana, usingoje kesho, kwani ovari huenda zimechochewa kupita kiasi. Katika mimba 100 za klomifeni, 7 hivi huwa za mapacha, ndiyo maana daktari hutaka kuchungulia kwa ultrasaundi ni vifuko vingapi vinakua. Kwa kawaida haitumiki zaidi ya mizunguko sita. Na hedhi isipokuja kwa wakati wake, pima mkojo kwanza. Usianze pakiti nyingine kabla hujajua kama mimba imeshika.