Kutajwa kwa jina la Mungu hakuufanyi wimbo kuwa sifa

Kila sikukuu ya taifa inapokaribia swali ni lile lile, na safari hii nimeona nilijibu kwa maandishi: "Wimbo huu wa nchi yetu una jina la Mungu, kwa nini tusiuweke kwenye kipindi cha sifa ibadani?" Kwa sababu kutaja si kusifu! Naandika kwa viongozi wa ibada, wapiga kinanda na walimu wa kwaya, ninyi mnaoshika ratiba.

Kwanza niliondoe jingine njiani. Wapo wanaosema Mkristo hana nchi duniani kwa kuwa wenyeji wetu uko mbinguni, Wafilipi 3:20. Wasome na Yeremia 29:7. Mateka wa Yuda waliagizwa kuutakia amani mji wa Babeli na kuuombea, mji wa watu waliowateka. Ikiwa Babeli iliombewa, nchi uliyozaliwa itakosaje maombi? Hilo limekwisha.

Sasa wimbo. Uandike kwenye karatasi, beti zote, hata zile zisizoimbwa. Pigia mstari kila "ee", kila "wewe", kila kitenzi cha kuomba au kuamuru, na kila kiambishi cha mtendwa. Halafu uliza: anayesemeshwa ni nani? Natunga mfano: "Ee Mungu, ilinde nchi yetu." Anayesemeshwa ni Mungu, na nchi imeletwa mbele zake kama mgonjwa anavyoletwa kuombewa. Hiyo ni sala. Natunga mwingine: "Ee nchi yangu, Mungu alikuumba nzuri, kwako natoa uhai wangu." Mungu yumo, ametajwa kwa heshima, lakini yuko katika nafsi ya tatu, amesimama pembeni kama shahidi. "Ku" ya "alikuumba" ni nchi. "Kwako" ni nchi. Uhai unatolewa kwa nchi. Wimbo huo unaweza kuimbwa uwanjani kwa moyo safi kabisa, ila kwenye kuabudu hauna mahali, maana pale "wewe" ni mmoja tu. Zile zinazowasemesha raia wenzetu hazina ubishi: wimbo wa taifa wa Ufaransa unawaita raia washike silaha, na hakuna anayeuchanganya na zaburi.

Zipo zinazokaa mpakani. "Nkosi Sikelel' iAfrika" (Mungu ibariki Afrika), wimbo alioutunga Enoch Sontonga huko Afrika Kusini mwaka 1897, ulikuwa wa dini kabla nchi kadhaa hazijauchukua kwa nyimbo zao za taifa, na maneno yake ya mwanzo ni ombi kwa Mungu. Lakini mkutano ukisimama wima, mikono ubavuni, macho kwenye bendera, je, wanaomba au wanatimiza itifaki? Kinywa kinasema hili, mwili unasema lile. Nashauri wimbo wa namna hii uingie kwenye maombezi, watu wakiwa wameinamisha vichwa. Sina hakika kwamba hilo linatosha.

Kosa kubwa zaidi hutokea kwenye kinanda. Mpigaji anamaliza wimbo wa kuabudu, anashikilia sauti ya mwisho, haachi nafasi, anaingia wimbo wa nchi kwa ufunguo uleule na mwendo uleule. Watu walikuwa wamefumba macho, mikono juu. Mikono haishuki. Ndani ya mapigo 4 ibada imehama kutoka kwa Mungu kwenda kwa taifa, wala hakuna aliyeamua iwe hivyo, vidole viliamua. Basi, maliza wimbo wa kuabudu kabisa. Kinanda kinyamaze, paweko kimya cha sekunde 15, kiongozi aseme sentensi moja, "Sasa tunaiombea nchi yetu," ndipo mpigaji aanze kwa ufunguo mwingine. Wimbo mmoja unatosha. Usiuweke karibu na Meza ya Bwana, wala mara baada ya mahubiri, kwa sababu kinachofuata Neno huchukuliwa na watu kuwa ndilo itikio la Neno.

Bendera isisimame kati ya mkutano na meza. Mgeni wa heshima atambuliwe kwenye matangazo, na makofi yaishie hapo.

Halafu Zaburi 33:12, "Heri taifa ambalo BWANA ni Mungu wao." Siku hiyo husomwa na kukatwa katikati. Nusu ya pili inasema habari za watu aliowachagua kuwa urithi wake, yaani Israeli, na mistari minne mbele zaburi hiyohiyo inasema wingi wa jeshi haumwokoi mfalme, wala farasi hafai kwa wokovu. Ukiisoma, fika mpaka mstari wa 17.

Maombezi yenyewe yapewe dakika 7 kamili, kwa mpango wa 1 Timotheo 2:1-2, na yasikose toba. Toba ndiyo huachwa kila mara, kwa kuogopa kuharibu sherehe. Danieli 9 inaonyesha namna yake: mtu mwaminifu anasema "tumefanya dhambi", hasemi "wamefanya". Taja mambo yenyewe, rushwa, damu iliyomwagika, ubaguzi, kwa "sisi".

Kanisa la kwanza liliujua mpaka huu kwa mwili. Waraka wa Klementi wa Roma, wa mwishoni mwa karne ya 1, una sala ndefu ya kuwaombea watawala. Mwaka 112 hivi, Pliny, liwali wa Bithinia, alimwandikia Kaisari Trajan kwamba aliwapima walioshtakiwa Ukristo kwa kuwataka wafukize uvumba na kumimina divai mbele ya sanamu ya mfalme. Kumwombea, ndiyo. Kumfukizia, hapana, hata kwa kufa.

Na bado kuna Naamani, jemadari wa jeshi la Shamu, 2 Wafalme 5:18-19. Ameshaamini, lakini kazi yake inamlazimu kuinama katika nyumba ya Rimoni, mungu wa Shamu, mfalme anapoegemea mkono wake, naye anaomba asamehewe kwa hilo. Nabii Elisha hampi kanuni, hamkatazi, wala hasemi ni sawa. Anamwambia, "Enenda kwa amani." Nimeisoma mistari hiyo mara nyingi nikitafuta jibu la kumpa mwanakwaya ambaye pia ni askari na kesho lazima apige saluti. Sijalipata, na sithubutu kumwambia zaidi ya alilosema Elisha.