Anayesimama Kando ya Mashine: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Wataalamu wa Tiba ya Mionzi

Kwa miaka mingi, mgonjwa wa saratani kutoka Nakuru, Kisumu au Kakamega aliyeandikiwa tiba ya mionzi katika hospitali ya umma hakuwa na njia ila kusafiri hadi Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, na kungoja zamu yake huko. Leo mashine za tiba hiyo zipo katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi mjini Eldoret, na hapa kwetu katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Kaunti ya Nakuru. Mazungumzo ya mjini, basi, ni ya mashine tu. Anayeiendesha hutajwa kwa nadra, na anapotajwa husemwa mengi yasiyo kweli.

Dhana: Kazi yake ni kubonyeza kitufe.

Kubonyeza ndiko sehemu fupi kuliko zote za kazi hiyo. Kabla ya hapo, mtaalamu wa tiba ya mionzi humlaza mgonjwa vile vile alivyolala siku ya picha za kupangia tiba, akalinganisha alama ndogo zilizowekwa ngozini na mistari ya leza, akapiga picha nyingine palepale kitandani na kuipima dhidi ya ile ya awali, kisha akaamua kama tiba iendelee au mgonjwa ateremshwe kwanza. Uamuzi huo una uzito. Tuchukue mfano wa mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi: kibofu kikiwa tupu leo ilhali jana kilikuwa kimejaa, kizazi husogea, na mionzi iliyopimwa kwa uangalifu huweza kukosa mahali pake na kuumiza utumbo.

Mama huyo kwa kawaida hupata mionzi ya nje mara 25, siku tano kwa wiki, pamoja na kemo mara moja kwa wiki, na baadaye mionzi ya ndani inayowekwa karibu na uvimbe wenyewe. Tiba yote inatakiwa kumalizika ndani ya wiki nane, kwa kuwa ikirefuka zaidi, nafasi ya kuushinda uvimbe hupungua. Sasa fikiria anayetoka Molo au Olenguruone, aliyekosa nauli siku tatu mfululizo. Daktari wa saratani huenda akamwona mara moja tu kwa wiki. Mtaalamu wa mionzi humwona kila siku, na ndiye wa kwanza kugundua kwamba hakuja, kwamba amepungua uzito, au kwamba anaharisha na anaona haya kusema.

Dhana: Kumpandisha ngazi mtaalamu huyu ni kutafuta daktari wa bei nafuu.

Dhana hii ndiyo inayonisikitisha zaidi, kwa sababu hurudiwa hata na watu wanaofanya kazi hospitalini. Uingereza imekuwa na ngazi za juu za taaluma hii tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kutoka msaidizi hadi mtaalamu mshauri, na Kanada na Australia nazo zina njia zao. Anayefika huko huwa amefanya kazi kwa miaka mingi, akasoma zaidi, mara nyingi hadi shahada ya uzamili, na akapimwa katika mambo manne: kuhudumia wagonjwa, kuongoza, kufundisha na kufanya utafiti. Hapewi mamlaka ya jumla. Hupewa eneo lake, kama vile saratani ya matiti, mionzi ya ndani, au kupunguza maumivu, na mipaka yake huandikwa waziwazi.

Chukua mgonjwa ambaye saratani imeenea hadi kwenye mifupa. Inajulikana vyema kwamba dozi moja ya grei 8 (grei ni kipimo cha mionzi) hupunguza maumivu ya mfupa kwa kiwango sawa na dozi ndogo ndogo za siku nyingi, ingawa wanaopewa dozi moja huhitaji kurudiwa mara nyingi zaidi. Palipo na mtaalamu wa ngazi ya juu, yeye humpima mgonjwa, huzisoma picha, huchora eneo la kutibiwa na kuandaa mpango, na daktari huupitia na kuuidhinisha. Mtu aliyefika akilia kwa maumivu aweza kutibiwa siku hiyohiyo. Hakuna aliyenyang'anywa kazi yake hapo.

Dhana: Hayo ni ya nchi tajiri.

Mimi naona kinyume chake. Penye madaktari wachache wa saratani ndipo kila mkono wenye ujuzi unapohitajika, na Bonde la Ufa na magharibi mwa Kenya saratani ya umio ni tatizo kubwa, na wengi hufika hospitalini tayari hawawezi kumeza chakula. Lakini cheo kisitangulie mafunzo. Kumpa mtu majukumu mapya bila masomo, bila idhini iliyoandikwa na bila mshahara unaolingana nayo ni kumtwika mzigo tu, na atakayeumia mwishowe ni mgonjwa.

Dhana: Aliyechomwa mionzi asiwabebe watoto.

Kwa mionzi ya nje, mashine ikizimwa hakuna kinachobaki mwilini. Beba mtoto wako. Wataalamu hujibu swali hili karibu kila siku, na pengine neno "kuchomwa" tulilolizoea ndilo linalozidisha hofu.

Dhana: Usimsumbue mtu wa mashine kwa mambo madogo, mngoje daktari.

Ngozi ikianza kuchubuka, chakula kikishindikana kupita, mkojo ukiuma, au nauli ya kesho ikikosekana, mwambie yeye asubuhi hiyohiyo, kabla hujapanda kitandani.