Hakuna aliyetolewa ubavu kwa ajili ya koseti

Juzi nilikuwa nampima bibi harusi gauni lake la koseti, tukiwa bado kwenye amerikani ya majaribio, shangazi yake akanishika mkono. "Fundi, usimkaze sana mwanetu. Wale Wazungu wa enzi za Malkia Victoria si walikuwa wanatolewa mbavu ili kiuno kiingie?" Ni mara ya tatu mwezi huu naulizwa. Nimechoka, kwa hiyo naandika.

Mbavu kwanza, nimalizane nazo. Upasuaji kwa dawa ya usingizi ulianza kushika kasi mwaka 1846, na daktari mpasuaji Joseph Lister alichapisha njia yake ya kuzuia vidonda kuoza mwaka 1867. Kupasuliwa kiwiliwili siku hizo kulikuwa kucheza na kifo. Ushahidi wa mwanamke kupasuliwa ili apate kiuno haupo. Tuendelee.

Watu wanaizungumzia koseti ya enzi hizo, nguo ya ndani ya kubana kiwiliwili, kana kwamba ilivaliwa juu ya ngozi, peke yake. Chini yake kulikuwa na shimizi ya pamba au kitani, na juu yake magagulo. Miaka ya 1840 mwanamke aliweza kuvaa magagulo manne au matano kwa mpigo, kila moja na mkanda wake wa kiunoni, kisha sketi yenye marinda tele. Hebu jifunge mikanda mitano yenye uzito huo kwenye nyama tupu, ufanye kazi hadi jioni, uone alama zitakazobaki. Koseti ndiyo iliyoutandaza uzito ule mgongoni na nyongani, na ndiyo iliyobeba matiti, kwa kuwa sidiria tunazozijua hazikuwapo. Haikuwa nguo ya matajiri tu. Watumishi wa nyumbani waliivaa, wafumaji wa viwanda vya pamba vya Lancashire, Uingereza, waliivaa; nyingine za bei nafuu zilitiwa ugumu kwa kamba nene za pamba zilizoshonewa ndani ya bitana.

Na ile "mifupa ya nyangumi" iliyotiwa ndani ya koseti kuipa ugumu si mfupa. Ni vile vipande vigumu kama ukucha vinavyoning'inia mdomoni mwa nyangumi, anavyochujia chakula. Vikipata joto la mwili vinalainika na kufuata umbo la mvaaji. Usinunue koseti ya plastiki sokoni, ikuchome mbavu, halafu uje kuniambia sasa unajua walivyoteseka.

Hesabu ya kiuno nayo. Mtu anaona koseti ya makumbusho yenye inchi 20, anashika kichwa. Haikufungwa hadi kingo zikutane! Nyuma iliachwa wazi inchi mbili, tatu, hata nne. Mwenye koseti ya 20 alikuwa na kiuno cha 22 hadi 24. Kilichobaki ni ufundi wa kudanganya macho: pamba iliyoshonewa kifuani na nyongani, krinolini, yaani fremu ya vyuma ya kutanua sketi, iliyoingia mwaka 1856, mikono iliyofura kama maputo kufikia 1895. Weka kiuno chochote katikati ya vitu viwili vikubwa, kitaonekana chembamba. Wapigapicha nao walikirekebisha kiuno kwenye kioo cha picha.

Ukitaka vazi la kuogopa, ogopa krinolini karibu na moto. Dada wawili wa mwandishi Oscar Wilde kwa baba, Emily na Mary, waliungua hadi kufa mwaka 1871 huko Ireland baada ya gauni kushika moto kwenye dansi.

Sehemu kubwa ya uvumi ilitoka magazetini. Kuanzia mwaka 1867 gazeti la wanawake la Uingereza, The Englishwoman's Domestic Magazine, lilichapisha barua za watu wasiotaja majina, wakisimulia walivyokazwa shuleni hadi viuno vikawa vyembamba mno. Nimezisoma nyingi. Zinanukia ashiki kuliko kumbukumbu.

Lakini kukaza kupita kiasi kulikuwapo, na wasichana walivalishwa vizibao vilivyotiwa ugumu tangu wadogo. Mimi nilivaa koseti niliyojishonea kwa majuma mawili, nikikata vitambaa na kupanda ngazi. Nilipumua kwa juu ya kifua, na ngazi za ghorofa ya tatu zilinisimamisha katikati. Majuma mawili ya mtu mzima hayasemi mengi kuhusu mwili uliokulia ndani yake, nami sijivuni nayo. Nguo za makumbusho pia zinanitia wasiwasi: gauni kubwa lilifumuliwa likashonwa upya, dogo likabaki sandukuni, la maskini lilivaliwa hadi likawa tambara. Tunapima kilichosalia.

Kinachonikera zaidi ni sentensi inayofuata siku zote: "Walipoitupa koseti ndipo wakapata uhuru." Tazama miaka. Mwanamke wa Kiingereza, Elizabeth Garrett, alipata leseni ya udaktari mwaka 1865. Chuo cha wanawake cha Girton kilifunguliwa 1869. Chuo Kikuu cha London kiliwafungulia wanawake shahada zake 1878. Wasichana wa kiwanda cha viberiti cha Bryant & May waligoma 1888. Miaka yote hiyo koseti ilikuwa nguo ya kila siku. Waliopigania mavazi mepesi walikuwapo pia, na nawaheshimu: chama cha Rational Dress Society cha mwaka 1881 kilitaka nguo za ndani zisizidi uzito wa pauni 7, kilo 3 na kitu. Mmoja wa waanzilishi wake, Lady Harberton, alikataliwa kuhudumiwa kwenye chumba cha kahawa cha hoteli moja ya Surrey kwa sababu ya suruali yake pana ya kuendeshea baiskeli, na mwaka 1899 mwenye hoteli akashinda kesi.

Hilo la mahakama ndilo nilipenda shangazi alisikie. Mwandishi wa Kiingereza Caroline Norton alipotengana na mumewe mwaka 1836 alinyang'anywa watoto wake watatu, sheria ikiwa upande wa baba. Kabla ya sheria ya 1870, ujira wa mwanamke aliyeolewa ulikuwa wa mumewe, na mali nyingine nyingi ziliendelea kuwa za mume hadi ile ya 1882. Mfumaji wa Lancashire aliyenunua koseti mwaka 1860 kwa jasho lake alinunua kwa fedha ya mume, na koseti yenyewe ilihesabiwa ya mume.

Nilimweleza hivyo huku nikibana pini. Akanyamaza kidogo.

"Hata shimizi?"

Hata shimizi, shangazi.