Mgodi Mkubwa Ukijirani na Kijiji: Faida Haziishii Kwenye Ajira

Katika vikao vya vijiji vinavyopakana na migodi ya dhahabu ya Kanda ya Ziwa, swali la kwanza huwa la ajira. Ni swali la haki, lakini mgodi wa kisasa, kama ule wa Geita ulioanza uzalishaji mwaka 2000, huendeshwa kwa mitambo mizito na mafundi waliosomea kazi hiyo, hivyo nafasi zake haziwezi kutosha vijana wa wilaya nzima. Anayesubiri ajira pekee hupishana na fedha nyingine zinazopita karibu na mlango wake.

Mrabaha wa dhahabu, yaani malipo ambayo mgodi huilipa serikali kwa madini unayochimba, ambao mwaka 2017 ulipandishwa kutoka asilimia 4 hadi 6, huenda Serikali Kuu. Halmashauri hupata ushuru wa huduma, unaotozwa kwenye mauzo ya mgodi na kuingia katika bajeti inayojadiliwa na madiwani. Aidha, kifungu cha 105 cha Sheria ya Madini kinamtaka mmiliki wa leseni kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii, yaani wa miradi ya kuwanufaisha wananchi, na kukubaliana na halmashauri kuhusu mpango huo, huku halmashauri ikitakiwa kusimamia utekelezaji na kuwaelimisha wananchi kuhusu miradi iliyomo. Kwa hiyo mwananchi anayeuliza zahanati imefikia wapi haombi fadhila.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, mlango mpana zaidi ni manunuzi, na ndio unaozungumzwa kidogo. Kanuni za mwaka 2018 kuhusu ushirikishwaji wa Watanzania zinaelekeza migodi itoe kipaumbele kwa bidhaa na huduma za Watanzania. Lakini kampuni ya Dar es Salaam nayo ni ya Watanzania. Inaweza kushinda zabuni ya chakula, ikanunua mboga mkoa mwingine, na matakwa ya kanuni yakatimia bila mkulima wa kijiji jirani kuuza hata fungu moja la mchicha.

Mkulima huyo hashindwi kwa sababu mboga zake ni mbaya. Jiko linalolisha wafanyakazi wa zamu za mchana na usiku huhitaji trei za mayai kwa idadi ileile kila wiki, mvua inyeshe isinyeshe, pamoja na namba ya mlipakodi, risiti ya mashine na akaunti ya benki, na malipo huweza kuja wiki kadhaa baada ya mzigo kupokelewa. Mfugaji wa kuku mia mbili hawezi kubeba masharti hayo peke yake. Kikundi kilichosajiliwa, chenye akiba ya kununulia chakula cha kuku wakati malipo yanasubiriwa, kinaweza. Halmashauri inapokaa na mgodi kupanga miradi ya mwaka, mtaji wa vikundi vya namna hiyo unastahili kuwekwa mezani kabla ya jengo jingine la kuzinduliwa kwa utepe.