Je, wajua kwa nini mtoto mchanga hapewi maji, hata kaskazi ikiwaka?

Ilikuwa Februari, Majengo, Mombasa, umeme umepotea na feni imesimama. Mzazi ana wiki 3 tangu ajifungue. Mtoto amevuliwa kila kitu, amelazwa juu ya leso, jasho lamchuruzika shingoni. Mavyaa yake akaingia na kikombe na kijiko.

"Mtoto yuna kiu huyu. Tazama utosi unavyopwita."

Mzazi akajibu kwamba kliniki wamemkataza maji mpaka mtoto afike miezi 6. Mavyaa akacheka. "Kwa joto hili? Wewe mwenyewe waweza kukaa miezi 6 bila maji?"

Swali lake ni la haki, na aghalabu halijibiwi. Kliniki husema "usimpe", mzazi akarudi nyumbani na amri isiyo na sababu, akakutana na mtu aliyelea watoto saba wakakua. Nani atashinda hapo?

Sababu ni kwamba mtoto yule anakunywa maji kutwa. Maziwa ya mama, kama asilimia 87, ni maji. Tena hayatoki namna moja: anapoanza kunyonya huja mepesi, na kadiri titi linavyokwisha huzidi mafuta. Mwenye kiu hunyonya kidogo, akaacha, akarudi baada ya muda mfupi. Ndiyo maana siku za joto mtoto hang'oki titini, na jirani akipita husema maziwa hayamshibishi, kumbe shibe anayo, anachokata ni kiu.

Jambo hili limepimwa kwenye nchi za joto hasa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1978 ulifanywa Jamaica, kisiwa cha joto na unyevu kama chetu, ukachunguza mkojo wa watoto walionyonya tu bila kupewa maji. Mtu aliyekaukiwa mkojo wake huwa mzito kwa sababu figo zinabana kila tone. Wa watoto wale ulikuwa mwepesi. Maji yaliwatosha na kubaki.

Haya, hata kama hayahitaji, vijiko viwili vitamdhuru nini? Hapa ndipo pagumu, kwa sababu madhara ya kwanza hayaonekani kama madhara. Tumbo la mtoto wa wiki 3 ni dogo. Likijazwa maji, ambayo hayana mafuta wala sukari wala kinga, atanyonya kidogo. Na titi hutengeneza kadiri linavyonyonywa: likiachwa limejaa, mwili huelewa kwamba maziwa hayatakiwi, ukapunguza. Baada ya siku chache mama anakamua na kuona hakuna kitu. Mtoto analia, anaongezewa maji, titi linazidi kupunguza. Mavyaa anasema, "Si niliwaambia maziwa hayatoshi?" Na kweli hayatoshi tena, ila ni kile kijiko kilichoyapunguza. Sijui ushauri mwingine unaojitengenezea ushahidi wake vizuri namna hii.

Maji yakizidi zaidi, mambo hubadilika. Figo za mtoto mchanga bado hazijui kutoa maji mengi kwa haraka, basi hubaki mwilini na kuizimua chumvi ya damu. Chumvi hiyo ikishuka sana ubongo huvimba, mtoto akapata degedege. Degedege nyingi huletwa na homa, malaria ikiwemo, lakini hii huja bila homa, na kwetu pwani, isiyo na homa ni nyepesi sana kusingiziwa shetani.

Halafu kuna maji yenyewe. Ya mfereji, yanayotoka kwenye vyanzo vya Mzima na Baricho, hayafiki kila nyumba kila siku, kwa hiyo tunanunua mitungi kwenye mikokoteni, au tunachota visimani. Kisima cha kisiwani kina chumvi. Kuyachemsha huua vijidudu lakini chumvi hubaki pale pale, tena huzidi kidogo kwa kuwa maji yamepungua sufuriani.

Nisimwonee mavyaa. Akina bibi wengi walizaa wakati kliniki zenyewe zikisema mtoto aanzishiwe vingine kati ya miezi 4 na 6, na maji ya glukosi yalikuwa kitu cha kawaida. Ni mwaka 2001 ndipo Shirika la Afya Duniani lilipoweka miezi 6 kamili bila kitu kingine. Kwa hiyo ubishi wa nyumbani mara nyingi si wa elimu na ujinga, ni kliniki ya mwaka 1985 inabishana na ya leo. Na Kenya imebadilika kwa kasi: mwaka 2003 watoto wa chini ya miezi 6 walionyonyeshwa bila kuchanganyiwa walikuwa asilimia 13 tu, mwaka 2014 walifika 61, na mwaka 2022 wakawa 60.

Anayetumia maziwa ya kopo naye hahitaji kuongeza maji, yameshaingia wakati wa kukoroga. Sitamhukumu mtu kwa kopo. Wako wanaougua, wako walioachiwa mtoto wa marehemu. Hatari yake ni pale kopo linapokuwa ghali na vijiko vya unga vikapunguzwa ili lifike mwisho wa mwezi. Mtoto anajaa maji na kukosa chakula. Unga ukorogwe na maji yaliyochemka ambayo bado ni moto, yasiyopungua nyuzi 70, kwa sababu unga wenyewe waweza kuwa na vijidudu. Upozwe, anywe, na kilichobaki baada ya saa 2 kimwagwe.

Asali ni mlango mwingine. Tahniki, yaani kumpaka mtoto mchanga tende kwenye kaakaa, ni sunna, na tende iliyotafunwa na mwenye kinywa safi, ikapakwa kidogo siku ya kwanza, ni kitu kimoja. Kuiweka asali mahali pa tende ni kingine kabisa. Asali yaweza kubeba mbegu za bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Tumbo la mtu mzima huzishinda. La mtoto wa chini ya mwaka 1 huweza kuziacha zikaota na kutoa sumu inayolegeza misuli. Choo hufunga, kilio hufifia, nguvu ya kunyonya huisha. Ugonjwa huu wa watoto ulitambuliwa California mwaka 1976, na kuichemsha asali jikoni hakuziui mbegu hizo.

Mama anayerudi kazini ana shida yake. Likizo ya uzazi Kenya ni miezi 3, na miezi 6 ni 6. Huko ndiko kukamua kunakoingia. Mwongozo wa kawaida husema maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa 4 nje ya friji, lakini hiyo ni kwa joto lisilozidi nyuzi 25. Mombasa mchana wa Februari hata kivulini hupati nyuzi 25. Yaingie kwenye friji au kikapu cha barafu mara moja. Kwenye friji hukaa mpaka siku 4.

Kuhusu utosi: kupwita ni kawaida, ni mapigo ya damu chini ya ngozi laini. Kinachotisha ni ukibonyea kama kisahani, mdomo ukakauka, mtoto akalegea. Hapo ni hospitali, si kijiko. Kipimo cha kila siku ni mkojo: baada ya wiki ya kwanza, mara 6 au zaidi usiku na mchana ni dalili kwamba maji yanamtosha.

Yule wa Majengo alikuwa ameshalowesha leso mara 4 tangu alfajiri, na adhuhuri haijaadhiniwa. Mavyaa alizihesabu mwenyewe kwenye kamba, akaguna, akampa mzazi kile kikombe anywe yeye.