Bakteria Hawali Chumvi

Mwishoni mwa kiangazi, kwenye baadhi ya mashamba ya umwagiliaji ya Bonde la Pangani, matuta hupiga weupe kama yamenyunyiziwa unga. Mahindi yanaungua ncha za majani. Mpunga unaota kwa mabaka: hapa umestawi, hatua tatu mbele ni kipara. Wakulima wenye mashamba ya namna hii wanatuuliza kuhusu "dawa ya bakteria" inayosemekana kula chumvi.

Hakuna bakteria wa kula chumvi ikaisha shambani, na anayekuuzia kwa maneno hayo usimpe hela yako. Bakteria wanaousaidia mmea kuishi na chumvi ndio wapo, na kazi yao inaeleweka vizuri.

Tupige hesabu. Tuseme maji ya mfereji wako yana gramu 1 ya chumvi kwa lita, maji ambayo ng'ombe watayanywa bila kusita. Ekari moja ikipata mita za ujazo 2,000 msimu mzima, umeingiza tani 2 za chumvi shambani. Jua linachukua maji, chumvi inabaki. Kuitoa kunahitaji maji mengine, masafi zaidi, yaisombe kupita chini ya mizizi hadi kwenye mtaro wa kutolea maji. Kama mtaro umeziba, anza na jembe na sururu. Mambo ya bakteria yasubiri.

Wanachofanya bakteria kiko kwenye mzizi. Mmea ukielemewa na chumvi hutengeneza kwa wingi ethilini, gesi ile ile inayoivisha ndizi zilizofukiwa, na ikizidi mzizi unadumaa. Baadhi ya bakteria wana kimeng'enya kinachovunja malighafi ya gesi hiyo kabla haijawa gesi, wao wakajipatia chakula na mzizi ukaendelea kurefuka. Mwaka 2004, Bernard Glick wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, na wenzake walichapisha majaribio ya miche ya nyanya iliyotiwa bakteria wa jinsi hiyo, waliotolewa eneo kame la Arava, kusini mwa Israeli. Ikinyweshwa maji ya chumvi, miche hiyo ilikua kuliko ile isiyotiwa kitu. Bakteria wengine hutoa ute unaoshika sehemu ya sodiamu isiingie mzizini, na ute huo huo hugandisha chembe za udongo, maji yakapenya kwa urahisi.

Watafiti wa jimbo la Utah, Marekani, walikwenda moja kwa moja kwenye mimea inayoota penye chumvi kwa asili yake, wakachukua bakteria wa mizizini, jamii za Halomonas na Bacillus, wakawapandikiza kwenye alfalfa, majani ya kulisha mifugo. Alfalfa ikamea vizuri zaidi penye chumvi ya asilimia 1. Mimi naona hiyo ndiyo njia ya kufuata hata kwetu: majani yanayoota kwenye majangwa ya chumvi nyuma ya mikoko yana bakteria wao tayari. Ila majaribio mengi ya aina hii ni ya kwenye vyungu. Shambani kuna joto, ukavu na mamilioni ya vijidudu wenyeji wasiopenda wageni, na mara nyingi faida hupungua au hupotea kabisa.

Kabla ya kununua chochote, pima udongo. Maabara ya udongo, kama ile ya TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Mlingano mkoani Tanga, itakueleza kama una chumvi ya kawaida au magadi. Udongo wa magadi, wenye pH zaidi ya 8.5, huziba na maji yakatuama juu. Huo unataka jasi kwanza, nayo huchimbwa Makanya, wilayani Same, jirani kabisa na mashamba yenyewe. Udongo huhesabiwa wa chumvi ukifika desisimensi 4 kwa mita (kipimo cha udongo unavyopitisha umeme; chumvi ikizidi, nacho hupanda), lakini maharage huanza kupunguza mavuno kwenye 1 tu, mpunga kwenye 3. Kwa hiyo wakati mwingine kubadili zao kunalipa kuliko pakiti yoyote ya bakteria.

Ukiamua kujaribu, kumbuka unanunua kiumbe hai. Pakiti iliyoanikwa juani mlangoni mwa duka la pembejeo huenda imeshakufa, hata kama tarehe haijapita. Pakaza mbegu kivulini, usichanganye na dawa ya kuua ukungu au bakteria, panda siku hiyo hiyo kwenye udongo wenye unyevu. Na usipande shamba zima. Acha mistari kadhaa bila bakteria katikati ya iliyopakwa, maji na mbolea viwe sawa kote, kisha vuna kila upande peke yake na upime kwenye mizani. Tofauti ikiwa ndogo kuliko bei ya pakiti, hela hiyo ipeleke kwenye samadi na kufukua mtaro.